Panya buku wa Morogoro: malezi kwanza, kazi baadaye
MFANYABIASHARA humjua panya kwa kutoboa magunia. Mjini Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO humlea panya buku kama mwanafunzi.

Mtoto akifumbua macho, akiwa na wiki nne hivi, hubebwa mikononi na kutembezwa ili azoee watu, sauti na harufu. Mafunzo hufuata: akinusa sawasawa, hupewa ndizi au karanga. Juani, masikio yake hupakwa mafuta ya kumkinga.

Magawa, aliyepelekwa Kambodia mwaka 2016, aligundua mabomu ya kutegwa ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Wenzake wamefunzwa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona yanayofichwa katika shehena. Mwenye mzigo halali hana hofu.