Chakula cha Saa Nane Usiku

Askari waliokesha doria hupita kliniki yetu asubuhi kabla hawajaenda kulala. Mkanda wenye pingu unawekwa mezani, nami napitisha futi kamba kiunoni. Kisha presha, kisha sukari. Wengi ni vijana, na majibu huwashtua. "Sista, mimi hata pombe sigusi!" Huwa nawauliza: afande, unakula saa ngapi?

Mwili una saa yake. Ubongo hufuata mwanga wa jua. Ini, misuli na kongosho navyo vina ratiba zao. Usiku kongosho halitoi insulini kwa wepesi wa mchana. Chipsi mayai na soda za saa nane usiku huacha sukari nyingi zaidi kwenye damu, kwa muda mrefu zaidi, kuliko sahani hiyohiyo ikiliwa saa nane mchana. Usingizi mfupi nao huchochea njaa.

Athari za zamu za usiku zimechunguzwa kwa polisi wa Buffalo, Marekani. John Violanti, aliyewahi kuwa askari wa jimbo la New York, na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009. Waliangalia mambo matano: kiuno kipana, presha, sukari, mafuta ya triglisaridi na upungufu wa lehemu nzuri. Mwenye matatu kati ya hayo yuko njiani kuelekea kisukari na maradhi ya moyo. Askari wa zamu ya usiku walikuwa na umri mdogo kuliko wenzao, lakini matatizo hayo yaliwaandama zaidi, hasa waliolala chini ya saa sita na waliofanya kazi saa nyingi za ziada.

Kuna la kufanya. Jaribio la watu 19 lililochapishwa Marekani mwaka 2021 liliwaweka kwenye zamu za usiku za kuigiza. Waliokula usiku, sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4, waliokula mchana tu, haikupanda. Kwa hiyo nawaambia: shiba jioni kabla ya kuingia kazini, usiku kunywa maji, ukirudi lala chumba chenye giza, simu imezimwa.

Lakini askari hajipangii zamu. Wakuu wa vituo, tangazeni ratiba mapema, wapeni waliokesha muda wa kulala, msiwarudishe kazini mchana huohuo, na wapimeni kila mwaka. Kijana aliyeingia kazini mzima anastahili kustaafu mzima.