Bastola Mpya Ikikwama: Hatua za Kuchukua kwa Mmiliki Mwenye Leseni

Bastola mpya ya nusu-otomatiki inaweza kukwama siku ya kwanza inapojaribiwa. Mara nyingi kasoro yenyewe huwa ndogo: mafuta mazito ya kiwandani, magazini ambayo haikuingia vizuri, au risasi isiyofaa. Hatari kubwa iko katika kile ambacho mmiliki hufanya dakika chache baadaye, hasa akiwa nyumbani katika mtaa kama Membley, ambako nyumba zimepakana na watoto hucheza upande wa pili wa ukuta.

Makala haya yanawaeleza wakazi wenye leseni ya kumiliki silaha hatua salama za kufuata, na nani anayeruhusiwa kisheria kuitengeneza bastola yenye kasoro.

Bastola hii hufanya kazi vipi?

Bastola ya nusu-otomatiki hufyatua risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha hujipakia yenyewe. Nguvu ya risasi inayotoka huisukuma slaidi, yaani kile kipande cha chuma cha juu, irudi nyuma. Slaidi inaporudi, ndoano ndogo hulivuta ganda tupu kutoka chembani nalo hurushwa nje. Kisha springi huirudisha slaidi mbele, nayo huichukua risasi nyingine kutoka juu ya magazini na kuiingiza chembani. Haya yote hufanyika kufumba na kufumbua.

Mpangilio huu unafunza mambo mawili. Kwanza, hatua moja ikilegea, bastola nzima husimama. Pili, kuchomoa magazini hakuiondoi risasi ambayo tayari imeingia chembani. Watu wengi hujeruhi wenzao kwa bastola waliyodhani ni tupu kwa kuwa magazini ilikuwa mezani.

Kwa nini bastola mpya hukwama?

Sababu za kawaida ni hizi:

- Mafuta ya kiwandani. Bastola nyingi hupakwa mafuta mazito ili zisishike kutu zikiwa safarini au ghalani. Yasiposafishwa kabla ya matumizi, hupunguza kasi ya slaidi.
- Springi ngumu. Springi mpya haijalegea. Ikitumiwa na risasi zenye nguvu ndogo, slaidi huenda isirudi nyuma vya kutosha, na ganda tupu likabanwa njiani.
- Magazini. Isipobofywa hadi ishike, risasi haipandi. Mdomo wa magazini ukipinda kidogo, risasi huingia kwa pembe mbaya.
- Risasi. Risasi za zamani, zilizoingia unyevu au zisizolingana na maelekezo ya kiwanda huleta matatizo.
- Mshiko. Mkono ukilegea, bastola yote husogea nyuma pamoja na slaidi, na nguvu ya kujipakia hupotea. Hapa kosa si la bastola.

Dakika ya kwanza: hatua tano

Bastola hujaribiwa katika uwanja wa kulenga shabaha unaokubalika, kama ule wa Kirigiti hapa Kiambu, mbele ya mkufunzi. Haijaribiwi uani, shambani wala kando ya mto. Ikikwama uwanjani, mmiliki afuate utaratibu huu:

1. Aendelee kuuelekeza mtutu kwenye shabaha na atoe kidole kwenye kifyatulio. Asigeuke kumwonyesha mwenzake.
2. Ikiwa amevuta kifyatulio na risasi haikutoka, asubiri angalau sekunde 30 mtutu ukiwa bado umeelekezwa kwenye shabaha. Kuna risasi ambazo huchelewa kuwaka.
3. Atoe magazini kwanza. Akianza kwa kuvuta slaidi magazini ikiwa ndani, huenda akapakia risasi nyingine bila kujua.
4. Avute slaidi nyuma mara kadhaa, kisha aishikilie ikiwa wazi.
5. Aangalie chembani kwa macho na kupapasa kwa kidole. Giza au ganda lililokwama huweza kuyadanganya macho.

Slaidi ikigoma kusogea, asiigonge wala kuilazimisha. Aiache ikiwa imeelekezwa kwenye shabaha na amwite mkufunzi.

Mlio hafifu ni onyo

Kuna kasoro moja isiyovumilia jaribio la pili. Bastola ikitoa mlio mdogo kuliko kawaida, au mkono usisikie msukumo uliozoeleka, huenda risasi imekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikifyatuliwa nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka na kumjeruhi anayeishika pamoja na waliosimama karibu. Mmiliki aache kupiga mara moja, aondoe risasi zote kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu na aipeleke bastola kwa fundi aliyesajiliwa. Hakuna mtu anayepaswa kuchungulia kwenye mdomo wa mtutu ili kuona kilichokwama.

Nani anaruhusiwa kuitengeneza?

Mmiliki anaweza kuisafisha bastola yake na kuipaka mafuta kwa kufuata kijitabu cha kiwanda. Mambo yanayozidi hapo, kama vile kukata springi, kupiga tupa ndoano au kubadilisha sehemu za kifyatulio, si kazi ya mezani nyumbani wala ya fundi wa jua kali.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inataka biashara ya kuuza na kutengeneza silaha ifanywe na wauzaji waliosajiliwa pekee. Sheria hiyo pia inakataza mtu kuwa na silaha au risasi bila cheti. Kwa hiyo kumwachia bastola fundi, jirani au ndugu asiye na cheti, hata kwa siku moja, kunaweza kuwafikisha wote wawili mahakamani.

Njia iliyo salama ni kumrudia muuzaji aliyeiuza bastola hiyo. Mmiliki aibebe ikiwa tupu, ndani ya mfuko wake, risasi zikiwa kando, pamoja na cheti na stakabadhi ya ununuzi. Aeleze aina ya risasi alizotumia, kasoro ilijitokeza mara ngapi na kwa magazini ipi. Kabla ya kuiacha hapo, adai stakabadhi yenye nambari ya bastola na tarehe, kwa sababu ni lazima aweze kueleza iliko silaha iliyoandikwa kwenye cheti chake.

Risasi iliyokataa kuwaka nayo isitupwe kwenye takataka. Mtoto anaweza kuiokota, au ikachomwa moto pamoja na taka. Irudishwe kwa muuzaji aliyesajiliwa au kituo cha polisi.

Kwa wakazi wa Membley

Risasi ya kawaida ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa. Ukuta wa mawe ya Ndarugu unaweza kuizuia, lakini dirisha, mlango wa mbao, dari na paa la mabati haviwezi. Ikigonga jiwe inaweza pia kuruka upande usiotarajiwa. Ndiyo maana bastola yenye kasoro haifunguliwi sebuleni. Mmiliki akigundua tatizo akiwa nyumbani na hana hakika kama ni tupu, aielekeze mahali salama, awaondoe watu wote chumbani na apige simu polisi.

Bastola inayosubiri kutengenezwa ihifadhiwe ikiwa imefungiwa kwenye sefu, risasi mbali nayo. Kuwa mbovu hakuifanyi isiwe silaha.

Wakazi wanakumbushwa kwamba Serikali ya Kaunti haitoi leseni za silaha. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za polisi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na leseni hushughulikiwa na Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Desemba 2018, wamiliki wote wa kiraia waliagizwa kufika mbele ya Bodi hiyo ndani ya siku 90 ili wakaguliwe upya. Mwenye swali kuhusu cheti chake awasiliane na Bodi, au aulize katika Kituo cha Polisi cha Ruiru.

Kukiwa na dharura, au mlio wa risasi ukisikika mtaani, piga 999, 112 au 911.