Mbegu ya Karafuu Haingoji

Mahindi ya mbegu huwekwa darini juu ya jiko, yakapigwa moshi, yakasubiri masika bila taabu. Mbegu ya mkarafuu ukiifanyia hivyo umeiua. Ikishatoka ndani ya tunda lake huishi kama wiki moja tu, na ikikauka ndiyo basi. Kwa hiyo huwezi kuihifadhi mwaka hadi mwaka: mkulima wa Pemba anayetaka mche wake mwenyewe lazima ajue mapema tunda litatoka mti gani.

Na hapo ndipo penye mtihani. Karafuu tunayoichuma, kuianika na kuipeleka Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ni ua ambalo halijafunguka. Ukishalichuma hakuna tunda wala mbegu. Matunda, yale ya rangi ya zambarau iliyokoza, hupatikana pale ambapo mchumaji hakufika: kileleni, kwenye tawi la hatari, au kwenye mti uliozaa kidogo hata ukaonekana haustahili kuwekewa ngazi. Matokeo yake mti bora huchumwa hadi tawi la mwisho, na ule dhaifu ndio unaoachiwa kuzaa watoto. Kwa maoni yangu vitalu vingi huharibikia hapa, kabla hata udongo haujatiwa kwenye viriba.

Mkarafuu wetu una ukoo mwembamba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa waliuchukua huko na kuupeleka Morisi katika miaka ya 1770, na mapema karne ya 19 ukafika Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Tena maua yake aghalabu hujichavusha yenyewe. Mti na mti basi haitofautiani sana, lakini hiyo tofauti ndogo iliyopo ndiyo mtaji wa mkulima.

Chagua mti uliokwishakomaa, unaozaa vizuri hata katika misimu ambayo jirani zake wamepumzika, na usio na matawi yanayokauka kuanzia ncha. Uachie matawi machache tu. Ukiuacha mzima ubebe matunda, utaudhoofisha kwa msimu ujao. Matunda yakiiva, yaloweke usiku kucha, yapikiche nyama yote itoke, kisha panda siku hiyo hiyo. Nyama ikibaki huvunda na kuchelewesha uotaji. Tumia kiriba kirefu chenye udongo wa juu na samadi iliyooza, ilaze mbegu kina cha sentimita 2, weka kivuli cha makuti. Itaota baada ya wiki mbili hadi sita. Baadaye utachoka kungoja, maana mche huu hukua polepole na hukaa kitaluni karibu mwaka mzima. Makuti yapunguzwe kidogo kidogo, mche uzoee jua kabla ya kwenda shamba.

Wapo wanaong'oa miche iliyojiotea chini ya mikarafuu. Ni rahisi, sikatai, lakini mzizi mkuu hukatika, na mama yake mara nyingi hajulikani.

Shambani, panda masika yanapoanza ili mche upate mvua ndefu. Vilima vya magharibi mwa Pemba vinaufaa. Maweni ya mashariki hayaufai, wala bonde linalotuama maji. Muuaji mkubwa ni kiangazi cha kwanza, akisaidiwa na mchwa. Migomba iliyotangulia kupandwa huupa kivuli, na matandazo hutunza unyevu, ila yasiliguse shina. Serikali imekuwa ikigawa miche bure, jambo jema, lakini huwa tunatangaza idadi ya miche iliyogawiwa. Hesabu yenye maana ni ya iliyo hai baada ya kiangazi hicho, kwa sababu mkarafuu unachukua miaka sita hadi minane kabla ya kuchumwa mara ya kwanza, na pengo la leo utaliona wakati huo.

Kabla hujawakabidhi wachumaji shamba msimu huu, funga kitambaa kwenye mti mmoja au miwili, na uwaambie waziwazi matawi ambayo hawatayagusa.