Kichanga akae ametazama nyuma

Mtoto anayeruhusiwa kutoka wodi ya wazazi hapa Dar es Salaam huondoka na msafara. Bibi kashika beseni, shangazi kabeba chupa ya chai na mfuko wa khanga, baba katangulia kuwasha gari ili kiyoyozi kipoze. Mama hupewa siti ya mbele kwa heshima, mtoto kapakatwa kifuani, kafunikwa shali hadi puani, na mkanda wa gari, kama utafungwa, hupitishwa juu ya wote wawili. Kila aliyepo anampenda yule mtoto. Lakini ndani ya gari lile hakuna mahali pabaya zaidi pa kumweka kuliko hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari likitembea kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi foleni ikiachia, kisha likagonga nguzo na mbele kukajikunja nusu mita, kila kilichomo ndani husimamishwa kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Kichanga wa kilo 6 kwa muda huo huvuta kama kilo 120. Hilo ni zaidi ya gunia la mahindi, na hakuna mikono inayodaka gunia lililorushwa. Mkanda ukiwazunguka wote wawili mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mwili wa mama husukumwa mbele na mtoto ndiye anayebanwa katikati, baina ya mkanda na kifua cha mama yake.

Bado hatujautaja mfuko wa hewa uliofichwa kwenye dashibodi. Umetengenezwa kumwokoa mtu mzima aliyefunga mkanda, na hufumuka kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Ukimkuta mtoto aliyepakatwa humpiga yeye kwanza. Ukikuta kiti cha kichanga kimefungwa siti ya mbele kikitazama nyuma, hukipiga mgongoni, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Ndiyo maana kwenye kioo cha jua cha abiria hubandikwa ile picha ya kiti cha mtoto iliyopigwa mstari mwekundu, ambayo wengi wetu tumeizoea kiasi cha kutoiona tena. Magari mengi madogo tunayoagiza Japani hayana swichi ya kuuzima mfuko huo. Kwa hiyo jibu ni siti ya nyuma, na mjadala unaishia hapo.

Kwa nini atazame nyuma? Kichwa cha mtoto anapozaliwa huchukua karibu robo ya urefu wa mwili wake, na mifupa ya shingo bado haijakomaa; sehemu kubwa yake ni gegedu laini linaloendelea kugeuka mfupa kwa miaka kadhaa. Gari linapogonga mbele, na ajali nyingi mbaya ni za mbele, mtoto anayetazama mbele huzuiwa mabega na mikanda huku kichwa kikiendelea na safari, na shingo ndiyo inayobeba tofauti hiyo. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo huzama kwa pamoja ndani ya ganda la kiti, na nguvu ya mgongano hutawanyika mgongo mzima.

Wazo hili lina historia ya kufurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari na mtafiti wa Sweden, Bertil Aldman, aliona jinsi wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini walivyokaa ndani ya chombo chao, wakiwa wamelaliwa na nguvu ya mwendo mgongoni na si kifuani. Akajiuliza kwa nini mtoto asikae hivyo ndani ya gari. Mwaka 1964 kiti cha kwanza cha majaribio cha namna hiyo kilifungwa kwenye gari la Volvo, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikaanza kuviuza. Huko Sweden hadi leo ni jambo la kawaida mtoto kutazama nyuma mpaka afikie umri wa miaka minne. Madaktari wa watoto wa Marekani nao waliachana mwaka 2018 na kikomo cha umri. Ushauri wao sasa ni kwamba mtoto atazame nyuma kadiri kiti chake kinavyoruhusu kwa uzito na urefu. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, inakadiria kwamba kiti cha mtoto kinapunguza vifo vya walio chini ya mwaka mmoja ndani ya magari madogo kwa asilimia 71.

Sasa twende sokoni, maana huko ndiko mzazi anakopotea.

Jambo la kwanza la kukagua ni gari lako, kabla hujaangalia kiti. Magari yetu mengi, Vitz, Passo, IST, Noah, yametoka Japani, nchi ambayo tangu Aprili 2000 sheria yake inataka kila mtoto aliye chini ya miaka sita akae kwenye kiti chake. Magari mapya ya abiria huko yalilazimika kuwa na nanga za Isofix kuanzia Julai 2012. Ingiza vidole kwenye mpenyo wa siti ya nyuma, pale mgongo unapokutana na makalio ya siti: ukigusa vyuma viwili vilivyo imara, vimeachana sentimita 28, basi gari lako lilishaandaliwa kwa ajili ya mtoto kabla hata halijapanda meli. Watu wanaendesha miaka mitano bila kujua kuwa vyuma hivyo vipo. Kiti chenye ndoano za Isofix hujipachika hapo kwa kubofya, na nafasi ya kukosea inapungua sana.

Kama gari ni la zamani zaidi na vyuma havipo, usivunjike moyo. Kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari kinalinda vizuri, ila ni sharti mkanda uwe wa pointi tatu, unaopita kiunoni na begani, kwa viti karibu vyote vya kichanga vya Ulaya na Japani. Siti ya katikati nyuma mara nyingi ina mkanda wa kiunoni tu. Halafu kuna tatizo la urefu: mkanda wa gari dogo wakati mwingine hauzunguki kiti kizima. Dawa yake ni moja, kupeleka gari dukani na kujaribisha kiti kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine. Fedha zako hazina haraka.

Ukifika hapo, jaribisha nyuma ya abiria wa mbele, upande wa kushoto. Katikati ni mbali zaidi na mlango ukigongwa ubavuni, lakini ni bora siti ambayo kiti kinakaza kuliko siti nzuri ya kwenye maandishi. Kushoto kuna faida nyingine kwetu tunaoendesha upande huo wa barabara: unamtoa mtoto ukiwa umesimama ukingoni, si katikati ya bodaboda. Abiria wa mbele itabidi asogeze siti yake, na kwenye Passo atakunja magoti. Avumilie.

Kiti chenyewe kisome kabla ya kukipapasa. Kilichopitishwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa kina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyokithibitisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 43 Japani. Kiwango kipya ni R129, kilichoanza kutumika mwaka 2013. Hicho hupanga watoto kwa urefu wa sentimita na kinalazimisha mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Kiwango cha zamani, R44, hupanga kwa kilo, na namba yake ya uthibitisho inapaswa kuanza na 03 au 04. Tangu Septemba 2024 viti vya R44 haviuzwi tena vikiwa vipya katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo tutarajie vingi vije kwetu. Si vibovu kwa sababu hiyo. Kiti cha Marekani hakina duara la E. Kina maandishi ya kutii viwango vya shirikisho vya nchi hiyo, na kwa kawaida kina kibanio cha kifuani ambacho vya Ulaya havina.

Kuna kitu kingine kinauzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa: kipande cha kitambaa chenye sponji na mikanda, kisicho na ganda lolote, kinachofungwa kwenye siti kama mkoba. Picha zake huwa na mtoto anayecheka. Hicho si kiti.

Mitumba ndiyo inayohitaji maneno zaidi. Sitamwambia mtu anunue kipya ilhali najua mshahara wa Novemba unavyoishia tarehe kumi. Lakini kiti cha mtumba si sawa na blauzi ya mtumba. Kikishakuwa kwenye ajali, plastiki inaweza kuwa na ufa usioonekana, na kiti hicho kazi yake imekwisha. Nani wa kukuambia kama kilichoshuka kwenye kontena kiligongwa Osaka au Birmingham? Hakuna. Basi kipindue. Chini ya ganda kuna tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa kwenye plastiki. Watengenezaji wengi hukipa kiti miaka kati ya 6 na 10, na plastiki iliyokaa juani huchakaa. Vua kitambaa chote. Tafuta mistari myeupe kwenye plastiki, mikanda iliyonyauka au kushonwa upya, kifungio cha mkanda kisicholia ‘tak’ kinapofunga. Sponji ngumu ya ndani isiwe imemeguka. Lebo ikiwa imebanduliwa, rudisha kiti kwenye rundo. Cha dada yako au jirani, unayeweza kumuuliza uso kwa uso kama kiligongwa, ni bora kuliko cha kontena chenye kitambaa kizuri. Na maelekezo yakiwa ya Kijapani, piga picha lebo na utafute kijitabu cha modeli hiyo kwenye intaneti. Usikisie njia ya mkanda.

Kwenye viti vingi, njia ya mkanda kwa mtoto anayetazama nyuma imewekwa alama ya rangi ya buluu. Kipande cha kiunoni hupita kwenye ndoano za pembeni juu ya miguu ya mtoto, na cha begani huzunguka nyuma ya ganda. Ukishakaza, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, na ikazwe mpaka vidole vishindwe kuufinya mkunjo begani. Ile shali na sweta zito ndivyo vinavyoharibu kazi, kwa sababu huacha uwazi ambao mgongano utaubonyeza. Mfunge kwanza akiwa na nguo nyepesi, kisha mfunike khanga juu ya mikanda.

Mzazi mgeni pia huogopa kichwa kuanguka mbele, na ana haki ya kuogopa. Kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa ya kichanga hubanwa. Kiti kikae kimelala kiasi, kwa pembe ambayo mtengenezaji ameionyesha pembeni. Safari za wiki za mwanzo ziwe fupi. Ukienda Moshi, simama angalau kila baada ya saa mbili umtoe, umnyooshe, umnyonyeshe, na gari liwe limesimama wakati wa kunyonyesha. Mkifika nyumbani mtoto ahamie kitandani hata kama amelala fofofo. Kiti hiki si kitanda. Gusa kifungio cha mkanda kabla ya kumfunga, maana chuma kilichokaa juani Kariakoo huunguza. Na kumwacha ndani ya gari lililofungwa, hata kwa kununua vocha, haifai kabisa.

Bibi atasema mtoto analia, miguu imekunjamana, na kwamba sisi sote tulipakatwa tukakua. Msikilize kwa adabu. Mwambie kukunja miguu hakumuumizi mtoto, na mguu uliovunjika hupona kuliko shingo. Kiti kinapaswa kuachwa uzito wa mtoto unapofika kikomo kilichoandikwa, au utosi wake unapokaribia ukingo wa juu wa ganda; miguu haihesabiwi.

Sheria nayo isikupe usingizi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa bila neno juu ya kiti cha mtoto, na asasi za kiraia zimepiga kelele miaka mingi kuhusu pengo hilo. Dubai, wanakofuata mali wafanyabiashara wetu, kiti ni lazima tangu 2017 kwa mtoto wa hadi miaka minne, na faini ni dirhamu 400. Hapa trafiki atakusimamisha kwa kizimamoto kilichoisha muda huku kichanga akiwa mapajani mbele yake. Anayepanda bajaji hana pa kukifunga kiti, na hilo ni suala la Serikali zaidi kuliko la mzazi. Mwenye gari hana udhuru huo.

Basi kundi la WhatsApp la michango ya uzazi likifunguliwa, andikeni kiti juu kabisa, kabla ya keki na mabeseni, na kifungwe garini wiki kadhaa kabla ya siku ya kujifungua. Kikimaliza miaka yake, au kikipata ajali, usikitoe sadaka wala kukiweka jalalani kizima, kwa kuwa hapa mjini kitaokotwa, kitafuliwa na kurudi sokoni. Kata mikanda yake kwa mkasi kwanza.