Haki Isiyo na Tarehe



Mwenzetu anapoondoka kiwandani au shambani kwenda kutafuta kazi ng'ambo, swali la kwanza huwa ni mshahara. Swali la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, ni hili: mke wake, au mume wake, atamfuata lini? Wengi hujibiwa kwamba sheria inaruhusu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Sheria ikisharuhusu, bado kuna ubalozi. Ubalozini kuna foleni. Na mwisho wa foleni ameketi afisa mwenye maswali. Mtu asiyejua atahojiwa lini hana haki mkononi. Ana ahadi tu.

Katika makala hii tunaeleza habari ya wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza waliokuwa wakingojea wake zao tangu miaka ya 1960. Tumechagua habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, waliongojeshwa walikuwa watu wa mashine na wa zamu, kama sisi. Pili, foleni hiyo ilikuwa na tawi lake hapa kwetu, Kampala na Nairobi.

WATU WA ZAMU YA USIKU

Baada ya vita vikuu vya pili, viwanda vya Uingereza vilikuwa na njaa ya mikono. Wanaume walitoka Punjab, Mirpur na Sylhet wakaenda kufanya kazi katika vinu vya sufu vya Bradford, vinu vya pamba vya Lancashire na viwanda vya kuyeyusha chuma vya Birmingham. Wengi wao walipewa zamu ya usiku. Matajiri walikuwa wamenunua mashine za bei kubwa, wakataka zizunguke mchana na usiku, na Waingereza wengi hawakuitaka zamu hiyo. Wanaume hao waliishi wengi katika nyumba moja, wakalipa madeni ya nauli, wakapeleka fedha nyumbani. Wake zao walibaki vijijini.

Tarehe 1 Julai 1962 Uingereza ilianza kuwazuia wafanyakazi kutoka nchi za Jumuiya ya Madola wasiingie bila kibali. Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango mmoja wazi: mke, na mtoto aliye chini ya miaka 16, wa mtu aliyekwisha kukaa Uingereza, walikuwa na haki ya kumfuata. Haki hiyo iliandikwa waziwazi. Mfanyakazi wa Bradford aliweza kuisoma, au kusomewa, akaamini kwamba jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mpaka mwaka 1969 mke aliweza kupanda ndege na kuhojiwa akifika uwanjani London. Mwaka huo ikapitishwa sheria ya rufaa za uhamiaji, na ndani yake mkawekwa sharti jipya: mke na watoto wapate kwanza hati ya kuingilia kutoka ubalozi wa Uingereza katika nchi yao. Serikali ilieleza kwamba sharti hilo litawaepusha watu na hasara ya kusafiri kisha kurudishwa. Maelezo hayo yalikuwa na maana. Lakini tazama lililofuata. Mlango ulihamishwa kutoka London ukapelekwa Dacca, Islamabad, Delhi na Bombay. Huko hakukuwa na mbunge wa kuuliza, wala mwandishi wa gazeti, wala chama cha wafanyakazi.

FOLENI YAGEUKA SHERIA

Katika miaka ya 1970 mke wa mfanyakazi aliyepeleka ombi lake Dacca aliweza kungoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuitwa kwa mahojiano ya kwanza. Wengine walikaribia miaka miwili, na kuna waliopita hapo. Waombaji walipangwa mafungu mafungu: wazee sana na wenye shida ya pekee walitangulia, kisha wake na watoto, kisha waume na wachumba, na nyuma kabisa waliokwisha kataliwa wakaomba tena.

Foleni haiteremki kutoka mbinguni kama mvua. Urefu wake hutokana na hesabu mbili: idadi ya maafisa waliowekwa kuhoji, na muda wanaotumia kwa kila jamaa. Aliyezipanga hesabu zote mbili ni serikali. Maafisa wakiwa wachache, na kila jamaa ikihojiwa kwa saa nyingi, watakaoingia mwaka huo watakuwa wachache, hata kama sheria haikuguswa neno moja. Hakuna kura iliyopigwa bungeni. Hakuna tangazo lililotolewa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Na aliyeumia hapa hakuwa na pa kushitaki, kwa maana hakuambiwa hapana. Aliambiwa asubiri.

Na huko Bradford mume naye alikuwa na hesabu zake. Akitaka kumwona mkewe, aliomba likizo ndefu. Msimamizi akikataa, achague kazi au nyumba. Akiamua kusafiri, huenda akarudi akakuta mashine yake ina mtu mwingine.

MASWALI YA AFISA

Siku ya mahojiano ikifika, mke aliingia peke yake, mara nyingi akisema kwa kinywa cha mkalimani. Mume alihojiwa Uingereza, na majibu yake yakapelekwa ubalozini yakalinganishwe. Maswali yalikuwa ya namna hii: Nyumba ya mkweo ina vyumba vingapi? Mlango unatazama wapi? Siku ya harusi walikuja akina nani? Ng'ombe ni wangapi? Shemeji yako wa pili ana watoto wangapi, na majina yao ni nani?

Msomaji ajiulize mwenyewe: angeulizwa leo idadi ya mbuzi wa kaka yake, naye hajafika kijijini miaka minne, angejibu sawa na mkewe? Mume alikumbuka nyumba aliyoiacha. Mke alieleza nyumba kama ilivyo sasa, baada ya mafuriko na ukarabati. Tofauti kama hizo ziliandikwa kuwa ushahidi wa uongo. Aliyekataliwa aliweza kukata rufaa, lakini rufaa ilisikilizwa Uingereza na yeye hakuruhusiwa kwenda huko kujieleza. Akaanza kungoja upya.

Yalifanyika hata ya aibu kuliko hayo. Mwezi Januari 1979 mwalimu mmoja wa kike kutoka India, aliyefika uwanja wa ndege wa Heathrow kuolewa, alipimwa mwilini na daktari ili ijulikane kama amewahi kulala na mwanamume. Gazeti la Guardian lilipoitoa habari hiyo mwezi Februari, ghadhabu ilikuwa kubwa na serikali ikapiga marufuku upimaji huo.

Mwaka 1985 tume ya serikali ya usawa wa rangi ilitoa ripoti ya uchunguzi wake juu ya taratibu hizo. Ilionyesha kwamba mkazo mkubwa uliwekwa katika kuwanasa wadanganyifu kuliko kuwapa haki wanaostahili. Na wakati huo huo sayansi ilianza kutoa ushahidi wake. Mwanachuoni Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua mwaka 1984 njia ya kutambua ukoo wa mtu kwa vipimo vya damu. Mwaka 1985 njia hiyo ilimsaidia mtoto mmoja mwenye asili ya Ghana kuthibitisha mama yake ni nani. Ilipojaribiwa kwa jamaa za Bangladesh na Pakistan, ilionekana kwamba sehemu kubwa yao walikuwa wamesema kweli. Watoto waliokataliwa walikuwa watoto wao hasa. Lakini miaka ilikuwa imekwenda, na baadhi ya watoto walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

TAWI LA KAMPALA NA NAIROBI

Mwezi Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia Wahindi wa Afrika Mashariki waliokuwa na paspoti za Uingereza. Badala ya haki ya kuingia waliwekewa vibali 1,500 kwa mwaka, na kila kibali kilikuwa cha mkuu wa nyumba. Mkuu wa nyumba, kwa hesabu yao, alikuwa mume. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kuomba, hata kama paspoti ya Kiingereza ilikuwa yake na mumewe hana.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Wahindi wa Uganda katika siku 90. Waliopokelewa Uingereza walikuwa karibu 28,000. Katika nyumba nyingi paspoti hazikuwa za namna moja. Mke mwenye paspoti ya Uingereza alipanda ndege ya London na watoto. Mume asiye na uraia wowote alipelekwa katika kambi za Umoja wa Mataifa huko Austria, Italia au Malta. Uingereza ilikataa wasiungane na wake zao, kwa hoja kwamba mke humfuata mume, si mume kumfuata mke. Ni mwaka 1974, baada ya serikali kubadilika, ndipo mlango ulipofunguliwa.

Wapo wasomaji watakaosema: hao walikuwa wenye maduka na viwanda, yatuhusu nini? Ni kweli, wenye mali walikuwamo, na mfanyakazi aliyelipwa vibaya hasahau. Lakini walikuwamo pia makarani, makanika na mafundi cherehani. Wengi waliofika Leicester waliishia kwenye mashine, na mwaka 1974 walikuwa miongoni mwa waliogoma katika kiwanda cha taipureta cha Imperial wakidai malipo sawa na ya Waingereza.

USAWA ULIOGEUZWA

Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza, mmoja wao mzaliwa wa Malawi, walipeleka mashitaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa sababu waume zao walikataliwa, hali wake za wanaume wa Uingereza waliruhusiwa. Tarehe 28 Mei 1985 mahakama ilisema huo ni ubaguzi baina ya wanawake na wanaume. Serikali ikautii uamuzi kwa njia yake: haikuwafungulia waume mlango wa wake, iliwatia wake katika masharti ya waume. Tangu hapo wote walitakiwa kuthibitisha kwamba shabaha ya ndoa yao haikuwa kuingia Uingereza. Sharti hilo halikuondolewa mpaka Juni 1997.

Tunalitaja hili kwa kuwa kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi analijua umbo lake. Unadai usawa wa mishahara, tajiri anakubali, kisha anaishusha ya juu.

WALIOSHINDA WALISHINDAJE

Anwar Ditta, mama mzaliwa wa Birmingham aliyekaa Rochdale, mji wa vinu vya pamba, aliomba mwaka 1976 watoto wake watatu watoke Pakistan wamfuate. Serikali ilisema si watoto wake. Rufaa akashindwa. Hapo ikaundwa kamati ya kumtetea. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yakaingia, yakachanga fedha na kuandamana naye mji hadi mji. Mwaka 1981 televisheni ya Granada iligharimia vipimo vya damu, ikavionyesha kwa watu wote, na serikali ikasalimu amri. Watoto walifika mwezi Aprili 1981. Walikuwa wamengoja miaka mitano.

Ombi lake halikubadilika tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliosimama nyuma yake.

NA SISI LEO

Vizuizi vya leo vina sura nyingine. Uingereza iliweka mwaka 2012 kima cha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka kwa mtu anayetaka kumleta mwenzi wake. Mwezi Aprili 2024 ikakipandisha hadi pauni 29,000. Kwa wafanyakazi wengi wa mshahara wa chini, hapo ndipo foleni inapokatika. Marekani, mke au mume wa raia hawekwi katika viza zenye kikomo cha idadi, lakini ombi likikubaliwa jalada hupelekwa Kituo cha Taifa cha Viza huko New Hampshire, na tarehe ya mahojiano hutegemea nafasi zinazotolewa na ubalozi. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Covid, mahojiano ya kawaida yalisimamishwa duniani kote na watu wakakaa bila tarehe. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba raia hana haki ya kikatiba ya kudai mwenzi wake aingizwe nchini. Na amri za kusimamisha viza za nchi fulani hutolewa na kubadilishwa mara kwa mara. Usitegemee habari ya mwaka jana.

Basi, kwa mwanachama ambaye mwenzi wake yuko ng'ambo, tunashauri haya:

1. Ndoa iandikishwe serikalini. Ndoa ya kimila au ya dini isiyo na cheti ni ndoa halali kwa jirani, lakini afisa wa ubalozi atataka karatasi.

2. Majina yaandikwe namna moja katika cheti cha ndoa, cha kuzaliwa na paspoti. Herufi moja ikitofautiana, sahihisha kabla ya kuomba.

3. Weka risiti za fedha zilizotumwa, barua na picha, kwa mfuatano wa tarehe. Weka na nakala ya kila ulichopeleka, pamoja na nambari ya jalada.

4. Siku ya mahojiano sema unalolijua. Usilolijua, sema hulijui. Msikaririshane majibu.

5. Usiache kazi wala kuuza shamba kabla viza haijatolewa. Tarehe ya mahojiano si viza.

6. Usimpe fedha dalali anayedai kuweza kukusogeza mbele. Hana ufunguo wa foleni hiyo.

Na kwa matawi yetu: katika mapatano na waajiri, tudai ruhusa ya siku yenye malipo kwa mfanyakazi aliyeitwa ubalozini. Barua ya kuitwa huja kwa ghafla, na mtu wa shamba la chai anaweza kuhitaji siku nzima njiani. Ombi likikaa bila jibu, katibu wa tawi amsaidie mwanachama kuandika barua ya kuuliza, na nakala ibaki ofisini. Anayengoja peke yake husahauliwa upesi.