Fulana ya bure na thamani ya mchango

Katika lugha yetu mtu huchanga pesa, huchangia hoja na hutoa mchango. Wanaotunga programu huria za kompyuta nao wana mchango wao. Mtu asiyejulikana, awe Eldoret au Berlin, hurekebisha mistari kadhaa ya programu ya wenzake kisha huwaomba waipokee. Wenye mradi huisoma, huijaribu, wakaikubali au wakaikataa. Kazi hiyo ya kusoma aghalabu haina malipo.

Swali linalonishughulisha ni hili: watu watashawishiwaje kuchangia kitu cha maana? Mnamo 2014 kampuni ya DigitalOcean ya Marekani ilianzisha Hacktoberfest. Kila Oktoba, aliyewasilisha idadi fulani ya marekebisho (mwaka wa 2020 yalikuwa manne) alizawadiwa fulana. Nia njema kabisa. Lakini jamani, fulana ni fulana! Oktoba 2020 wenye miradi walikumbana na mafuriko: huyu kaongeza neno la kusifu kwenye maelezo ya mradi, yule kabadilisha alama ya uakifishaji isiyo na kosa. Kila ombi lilihitaji jicho la mtu. Siku chache tu baadaye waandalizi walibadilisha kanuni, ikawa ni miradi iliyojiandikisha kwa hiari pekee inayohesabiwa. Kufikia 2023 fulana zenyewe ziliondolewa.

Sidhani zawadi ndiyo iliyokosea. Kilichopimwa ni idadi, nayo idadi haina kazi kuipata. Sisi wa vyuo vikuu, tunaohesabiwa makala kila tunapotaka kupandishwa cheo, tunalijua hilo fika.

Kiswahili kimo hatarini zaidi. Anayetafsiri vitufe mia moja kwa jioni moja, mashine ikimsaidia, ataandika "okoa" panapostahili "hifadhi", na "kimbia" panapohitajika "endesha". Nani atamkosoa ikiwa msimamizi wa mradi hajui Kiswahili? Atapokea tu, na kosa limfikie mkulima simuni mwake.

Ndiyo maana huwahimiza wanafunzi wangu waanze na maneno machache, waeleze kwa sentensi mbili hivi kwa nini wameyachagua, na mwenzao ayasome kabla hayajawasilishwa. Miradi nayo imteue mhakiki wa Kiswahili mwenye idhini ya kukataa. Ila akikataa, atoe sababu. Mgeni aliyejibiwa "hapana" kavu harudi. Aliyeelezwa kwamba "okoa" ni la mtu anayezama, na "hifadhi" ni la faili, huenda kesho akaleta kitufe cha pili.