Chupa zilizo juu ya ukuta wetu, na vioo vya nchi kavu



Mtoto mmoja wa shule ya Jumapili alipanda ukuta wa kiwanja cha kanisa letu ili afuate mpira. Juu ya ukuta ule tulisimika vipande vya chupa katika simenti, kama watu wengi wa mji huu wanavyofanya kwa sababu ya wezi. Alikatika kiganja, akashonwa nyuzi saba. Jioni ile wazee wa kanisa walikutana, na mmoja wao akauliza: kioo kina kazi gani nyingine kwetu, isipokuwa kukata watu? Hakuna aliyemjibu. Naandika kwa sababu ya swali lile.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Nairobi kwa mkutano wa wachungaji, na wenyeji wetu walitupeleka Kitengela, kusini ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Ni nchi ya nyasi fupi, mawe na vumbi. Mkenya atasema si jangwa, lakini kwa mtu wa msitu kama mimi palitosha kuitwa jangwa. Hapo mama mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Nani Croze, alihamia na jamaa yake mwishoni mwa miaka ya 1970, akaanza kazi ya vioo vya rangi. Baadaye mwanawe, Anselm, alianzisha karakana ya kupuliza vioo. Kazi zao zimekaa nje, juani: viti vya simenti vilivyopambwa kwa vipande, njia, kuta, sanamu za kila namna. Na sehemu kubwa ya kioo hicho kilikuwa takataka, yaani vioo vya madirisha vilivyovunjika na chupa tupu. Nilisimama pale nikikumbuka ukuta wetu. Mali ni ile ile.

Kule Marekani, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, kuna bustani ya mimea ya jangwani ambayo mwaka 2008 ilipokea kazi za Dale Chihuly, fundi wa vioo anayejulikana sana, na ikazipokea tena mwaka 2013. Waliweka vioo vya kijani, vyekundu na manjano katikati ya miti ya miiba, hata mtu akiwa mbali hajui kipi kimeota na kipi kimetengenezwa. Fundi huyo alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto katika ajali ya gari huko Uingereza mwaka 1976, kisha akaumia bega. Tangu hapo wengine hushika bomba la kupulizia, naye huchora na kuelekeza. Wachungaji tunaotaka kushika kila kazi ya kanisa kwa mikono yetu tumwangalie huyo.

Kwa nini nchi kavu? Jangwani majani ni machache, anga haina mawingu mengi, na jua la asubuhi na la jioni huingia katika kioo kutoka ubavuni bila kizuizi. Tena kioo hakipati kutu, na rangi yake haichujuki upesi kama rangi ya nguo, kwa maana haikupakwa juu, imo ndani.

Hapa nieleze kidogo. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa, kwa moto wa digrii 1,500 hivi. Vipande vya kioo cha zamani vikiongezwa, mchanganyiko huyeyuka kwa moto mdogo zaidi, ndiyo sababu mafundi huvipenda. Kazi ikiisha, kioo hupozwa polepole katika tanuri nyingine. Kikipoa haraka hupasuka, pengine baada ya siku kadhaa. Rangi hutoka katika madini. Chuma huleta kijani. Shaba huleta kijani au buluu ya maji. Dhahabu kidogo sana huleta wekundu. Na buluu ile nzito inayoonekana katika madirisha ya makanisa ya zamani ya Ulaya hutoka kwa kobalti. Ndiyo, kobalti, ambayo leo zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima huchimbwa katika nchi yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Inaondoka kwa malori, na sisi tunabaki na chupa za kahawia.

Katika Ayubu 28:17 kioo kimetajwa pamoja na dhahabu, kwa kuwa zamani zile kilikuwa kitu cha thamani. Na Bezaleli, ambaye Biblia inasema katika Kutoka 31 alijazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono, pamoja na mwenzake Oholiabu, walifanya kazi jangwani, kati ya watu wasio na nyumba. Mungu hakungoja wafike Kanaani ndipo waruhusiwe kutengeneza kitu kizuri. Sisi Waprotestanti tunaogopa mapambo, na tuna sababu zetu. Lakini naona mara nyingine tunaita utakatifu kile ambacho ni uvivu wa macho tu.

Hapa Kisangani kioo kina kumbukumbu yake. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji wetu, nilikuwa kijana. Watu walikufa kwa mamia, na madirisha yalimwagika barabarani. Nyumba nyingi zilifungwa kwa mbao na plastiki miaka mingi. Mzee aliyeuliza swali lile alizika watu wake wiki ile. Sikuweza kumjibu kwa habari za Arizona.

Nilichopendekeza kwa komite ni kidogo. Tuondoe vipande juu ya ukuta. Tutafute chupa nzima, tukate vitako vyake, tuunganishe viwili viwili kwa mkanda, kisha tuvipange katika simenti kwenye dirisha la mashariki, ambalo tangu tujenge limezibwa kwa bati. Haihitaji tanuri. Lakini chupa hazibebi uzito: lazima boriti ya zege ikae juu ya dirisha, fundi asidharau hilo. Chupa nyingi zitakuwa za bia, na hapo wazee walicheka kwa mara ya kwanza. Niliwahakikishia kwamba hatutanunua hata moja.

Mama mmoja shemasi alipinga kwa neno zito: choo cha watoto hakijaisha, na mfuko wa simenti ni mfuko wa simenti. Ana haki. Tumekubaliana choo kwanza. Vipande vya ukutani vimekwisha kuondolewa, na tumemwongeza mlinzi wa usiku mwenzake. Fundi ametengeneza kipande kimoja cha majaribio, chupa tisa, kimewekwa chini ya mwembe. Tunangoja mvua ipite juu yake tuone kama simenti itashika. Yule mzee, nimeambiwa, hupita hapo asubuhi kabla ya ibada na kukipangusa kwa leso.